Homa ya Mtoto: Swali Lililochukua Karne Nzima Kuulizwa

Miaka michache iliyopita, yapata saa nane usiku, binti yetu mdogo alichemka mwili. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama yake alimgusa paji la uso kwa kiganja, akamgusa tumbo, kisha akaniamsha. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kupanga foleni kwenye kituo kimoja cha afya. Mhudumu alimtazama mtoto kwa muda usiozidi dakika mbili, akaandika dawa tatu: ya malaria, ya bakteria na ya kushusha homa. Hakuna tone la damu lililochukuliwa. Nilipouliza, "Mtoto ana nini?" alinijibu kwa upole kabisa, bila kejeli yoyote, "Ana homa, baba."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini hadi leo sijui alichougua, na jibu lile halijanitoka kichwani. Nilikuwa nimempeleka mtoto mwenye homa, nikauliza sababu ya homa, nikajibiwa kwamba ana homa.

Mimi ni mwanahistoria, si tabibu, na sikusudii kumfundisha mtu utabibu. Ninachokusudia ni kuonesha kwamba jibu la mhudumu yule halikutokana na uvivu wake binafsi. Lina historia ndefu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watawala, wataalamu na watunga sera wa nchi hii wameishughulikia homa ya mtoto kwa majibu yaliyoandaliwa kabla ya swali. Hoja yangu ni kwamba watoto wengi tuliowazika hawakufa kwa sababu mama zao walikuwa wajinga, kama tulivyozoea kuambiwa. Walikufa kwa sababu swali rahisi kabisa, yaani homa hii inatokana na nini, lilichukuliwa kuwa anasa isiyomstahili mtoto wa mkulima.

Lugha iliyojua kutofautisha

Tuanze na lugha yenyewe, kwa kuwa lugha ni nyaraka ya kwanza ya mwanahistoria. Neno "homa" kwa Kiswahili ni pana mno. Leo mtu akisema "nina homa" huenda ana mafua, huenda ana malaria. Hata hivyo wazee wa pwani walikuwa na msamiati mpana zaidi ya huo. Walikuwa na mkunguru, homa inayompata mgeni anapofika mahali asipopazoea. Walikuwa na homa ya papasi, waliyoihusisha moja kwa moja na kupe yule anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Walikuwa na kidingapopo, jina lililorekodiwa Zanzibar katika karne ya 19, ambalo Wizara ya Afya imelifufua kwa ajili ya ugonjwa wa dengi, hasa baada ya mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014. Na walikuwa na degedege, ugonjwa wa mtoto anayekakamaa, kugeuza macho na kutetemeka viungo.

Maneno haya yanatuonesha kwamba jamii zetu hazikuiona homa kuwa kitu kimoja. Ziligawanya homa kwa mahali, kwa majira, kwa mdudu na kwa umri wa mgonjwa. Mgawanyo huo ulikuwa na makosa yake, na baadhi ya makosa hayo yaligharimu maisha, kama nitakavyoeleza. Lakini ulikuwa mgawanyo. Mbele ya mtoto anayechemka, bibi alianza kwa kuuliza: hii ni homa gani?

Koch, Washambaa na neno "mbu"

Mwaka 1897 mwanasayansi mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, aliwasili Dar es Salaam na kuendelea na utafiti wake hadi mwaka uliofuata. Alichunguza damu za wagonjwa kwa hadubini, akafuatilia mizunguko ya homa na matumizi ya kwinini. Huo ulikuwa wakati ambapo sayansi ilikuwa mlangoni kabisa mwa ugunduzi mkubwa: Agosti 1897, Ronald Ross aliona kimelea cha malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India.

Koch mwenyewe aliandika jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa historia alijue. Alieleza kwamba wakazi wa milima ya Usambara walifahamu kuwa wakishuka tambarare huugua homa, na kwamba homa hiyo waliiita kwa jina lilelile la mdudu anayewauma huko: mbu. Kwa maneno mengine, wakati maprofesa wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kuhusu hewa chafu ya vinamasi, Mshambaa alikwisha kuuweka ugonjwa na mwambukizaji wake katika neno moja. Koch aliliandika, lakini maarifa hayo hayakumpa Mshambaa kiti kwenye meza ya kupanga mambo ya afya yake.

Ni vyema tuangalie kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo mtoto wa Kiafrika anapoingia katika kumbukumbu za tiba ya kikoloni, na anaingia kwa sura ya kusikitisha. Kufikia mwaka 1900, Koch kwa upande wake, na Waingereza Stephens na Christophers waliokuwa wakitafiti Afrika Magharibi, walikuwa wamebaini kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi, damu ya watoto wadogo ndiyo iliyojaa vimelea, ilhali watu wazima walionekana kuwa na kinga. Ugunduzi huo ulikuwa sahihi. Ungeweza kuzaa hitimisho hili: basi watoto hawa ndio wagonjwa wetu wa kwanza. Hitimisho lililotolewa na Stephens na Christophers lilikuwa jingine. Walipendekeza Wazungu wajenge nyumba zao mbali na makazi ya Waafrika, kwa kuwa mtoto wa Kiafrika alikuwa ghala la vimelea vinavyoweza kubebwa na mbu hadi kwa Mzungu.

Fikra hiyo ya utengano ilijengeka katika miji ya makoloni mengi, pamoja na Dar es Salaam. Anayepita leo viwanja vya Mnazi Mmoja anapita kwenye ardhi iliyoachwa wazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na eneo lililokuwa la Wahindi, kabla ya kufika Uzunguni. Hoja ya afya ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa za kuugawa mji namna hiyo. Homa ya mtoto wa Kariakoo ilishughulikiwa kwa kuwekewa uwanja katikati.

Mjadala wa Kampala

Waingereza walipokuja baada ya Vita vya Kwanza, kliniki za mama na mtoto zilianza kufunguliwa, na wamisionari walifanya kazi ambayo haiwezi kubezwa. Lakini swali la kisera lilibaki palepale: mtoto wa kijijini atibiwe malaria, au aachwe ajijengee kinga?

Msomaji kijana anaweza kudhani ninatania. Sitanii. Baadhi ya wataalamu wakubwa wa malaria wa Afrika Mashariki, akiwemo Bagster Wilson aliyefanya kazi Tanganyika na baadaye kuongoza taasisi ya malaria ya Amani, Muheza, walitoa tahadhari kwamba kuidhibiti malaria mahali inapoambukiza mwaka mzima kunaweza kuwanyang'anya watu kinga waliyoipata kwa gharama kubwa, na kwamba udhibiti ukikatika, hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mwaka 1950 jambo hilo lilijadiliwa kwa ukali Kampala, katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu malaria barani Afrika. Upande uliotaka udhibiti uanze mara moja ndio ulioshinda katika maazimio.

Sitaki kumdhulumu Wilson na wenzake. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi, na walijua ugonjwa huu kuliko wengi waliowapinga. Lakini tutazame hesabu iliyokuwa ndani ya hoja yao. Kinga hiyo ya watu wazima ilinunuliwa kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Waliolipa gharama hiyo ni mama waliokesha na watoto mapajani, na hakuna hata mmoja wao aliyekaribishwa Kampala kusema kama anaikubali biashara hiyo.

Jibu la vitendo lilikuja muda mfupi baadaye. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, mradi wa Pare–Taveta ulinyunyizia nyumba dawa ya dieldrin katika eneo la mpaka wa Tanganyika na Kenya. Malaria ilishuka, vifo vya watoto vikapungua sana. Kisha unyunyiziaji ukasimamishwa, na malaria ikarudi taratibu. Nchi hii ikabaki na mafunzo mawili kwa pamoja: kwamba vifo vile havikuwa majaaliwa, na kwamba mradi wenye tarehe ya kumalizika hauwezi kuchukua nafasi ya huduma ya kudumu.

Uhuru na kidonge cheupe

Uhuru ulibadilisha swali la nani anastahili kutibiwa. Hilo ni jambo kubwa, na wale wanaoisimulia miaka ya Ujamaa kama hadithi ya kushindwa tu wanapaswa kulikumbuka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi isiyopata kuonekana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadili magonjwa, malaria ikiwa mojawapo. Watu walifukia madimbwi, wakafyeka vichaka, wakachimba vyoo. Kwa mara ya kwanza mwanakijiji alichukuliwa kuwa mtu anayeweza kufikiri kuhusu ugonjwa wake.

Silaha ya zahanati mpya ilikuwa klorokwini. Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934 na kuenea duniani baada ya Vita vya Pili. Ilikuwa rahisi kwa bei, salama ikitumiwa kwa kipimo sahihi, na ilishusha homa kwa haraka. Maabara zilikuwa chache, hadubini zilikuwa chache zaidi, na wataalamu wa kuzitumia walikuwa adimu. Kwa hiyo ukaundwa utaratibu uliokuwa na mantiki kamili kwa wakati wake: mtoto mwenye homa ahesabiwe kuwa ana malaria hadi ithibitike vinginevyo, apewe klorokwini. Utaratibu huo baadaye uliingizwa hata kwenye miongozo ya kimataifa ya tiba ya watoto katika maeneo yenye malaria nyingi.

Siwezi kuulaumu utaratibu huo kwa kuanzishwa kwake. Uliokoa maisha ya watoto wasiohesabika, pengine na ya baadhi yetu tunaosoma makala haya. Kosa lilikuwa kuufanya wa kudumu. Kilichoanza kama hatua ya dharura ya nchi maskini kiligeuka kuwa mazoea ya mwili na akili. Kizazi kizima cha waganga, wauguzi, wenye maduka ya dawa na wazazi kilifunzwa kwamba homa ni malaria na malaria ni homa. Neno pana la Kiswahili likabanwa hadi likabaki na maana moja.

Degedege na mama aliyelaumiwa

Sasa turudi kwa degedege. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na maeneo mengine ya nchi waliandika kwa kina imani na tiba zake. Wengi waliamini kwamba degedege husababishwa na dege, kiumbe cha kiroho kinachomjia mtoto. Mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga au kwa mwanamke mzee mwenye ujuzi: akafukizwa moshi, hata wa kinyesi cha tembo, akaogeshwa majani, pengine akapakwa mkojo. Na palikuwa na onyo moja lililosambaa karibu kila mahali: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa.

Wataalamu wa afya walilisikia onyo hilo kama kilele cha ujinga. Tunajua leo kwamba degedege nyingi katika maeneo hayo ilikuwa malaria kali, iliyopanda kichwani kama watu wanavyosema, na kwamba kila saa iliyopotea kwa mganga ilimsogeza mtoto karibu na kaburi. Katika hilo sina utetezi. Imani ile iliua.

Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza imani ilipata wapi ushahidi wake, kwa maana watu hawashikilii onyo kwa vizazi bila kuona kitu. Mtoto wa degedege alifikishwa hospitali akiwa taabani, akachomwa sindano, akafa. Mama aliona sindano, kisha akaona kifo. Isitoshe, tiba za sindano za enzi hizo zilikuwa na hatari halisi: klorokwini ikiingizwa mwilini kwa kasi ingeweza kushusha shinikizo la damu ghafla, na sindano ya kwinini ikichomwa vibaya makalioni ingeweza kuharibu neva na kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Hitimisho la mama lilikuwa si sahihi. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli.

Hakuna aliyekaa chini kumweleza tofauti hiyo. Alipochelewa kufika aligombezwa mbele ya wenzake, na mama anayegombezwa leo atachelewa zaidi kesho. Zaidi ya hayo, kuanzia mwaka 1993 Serikali ilianza kurudisha uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali zake. Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa kwa mujibu wa sera, lakini msamaha wa karatasi haukununua dawa pale dirisha la dawa liliposema "zimekwisha, nenda kanunue nje". Mganga wa kijijini alikopesha. Duka la dawa halikukopesha. Tukipenda kuhesabu sababu za kuchelewa, basi tuzihesabu zote.

Kufa kwa klorokwini

Mwishoni mwa miaka ya 1970 taarifa za vimelea sugu dhidi ya klorokwini zilianza kutokea Afrika Mashariki. Ikachukua zaidi ya miaka 20 kwa sera kubadilika. Katika kipindi hicho chote, mama aliendelea kupewa kidonge kilekile. Klorokwini ilikuwa na uwezo wa kushusha joto la mwili hata iliposhindwa kuua vimelea. Hivyo mtoto alipoa, mama akafurahi, kisha baada ya siku kadhaa homa ikarudi na upungufu wa damu juu yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, vipimo vilionesha kwamba dawa hiyo ilikuwa ikishindwa kwa takribani nusu ya wagonjwa nchini.

Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na SP. Wananchi waliipokea kwa mashaka, na mashaka yao yalikuwa na sababu: SP haikushusha homa kama mtangulizi wake, na magazeti yaliandika kuhusu madhara yake ya ngozi. SP nayo haikudumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2006 ilianza kutolewa ALu, ambayo wananchi wanaiita dawa mseto au mseto tu. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimeanza kuenea kupitia hati punguzo kwa wajawazito tangu 2004, kisha kupitia ugawaji wa bure.

Hapo ndipo swali lilipoanza kuulizwa, tena na watafiti waliokuwa hapahapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichunguza wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba wale wasiokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliokuwa navyo. Walikuwa na ugonjwa mwingine, ambao haukutafutwa, kwa sababu jibu lilikwisha kutolewa mlangoni.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine, wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kwenye kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Karibu theluthi mbili walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wengi wa watoto hao walikuwa na maambukizi ya virusi. Malaria ilikutwa kwa takribani mtoto mmoja kati ya kumi. Tafakari, ndugu msomaji: kwa mazoea tuliyolelewa nayo, watoto wote hao wangerudi nyumbani na dawa ya malaria.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mgonjwa anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na katika miaka hiyo kipimo cha haraka, mRDT, kilienea hadi zahanati za vijijini: tone moja la damu kutoka kidoleni, dakika 15 au 20 za kusubiri, jibu. Kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara, ambacho kilikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2007/08, kilikuwa takribani asilimia 8 mwaka 2022. Vifo vya watoto wa umri huo vilikadiriwa kuwa 147 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai mwaka 1999; mwaka 2022 vilikuwa 43. Sababu za mafanikio hayo ni nyingi, zikiwemo chanjo na lishe, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyabeza.

Jibu jipya la zamani

Ningependa kuishia kwenye mafanikio, lakini historia hainiruhusu. Kipimo kimetuambia kwamba mtoto hana malaria. Sasa tunafanya nini? Katika vituo vingi tumefanya tulichozoea: tumetafuta jibu jingine la jumla. Antibiotiki imechukua kiti cha klorokwini. Mtoto asipokutwa na malaria huambiwa ana UTI, au taifodi, mara nyingi bila kipimo cha kuaminika, na hupewa dawa ya chupa au sindano za siku kadhaa. Utafiti uliofanywa kati ya 2021 na 2022 katika zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro ulionesha kwamba katika huduma ya kawaida takribani watoto 70 kati ya kila 100 walioletwa wagonjwa waliandikiwa antibiotiki. Pale wahudumu waliposaidiwa na mwongozo wa kidijiti unaowapitisha hatua kwa hatua katika kuuliza na kupima, idadi ilishuka chini ya 25, bila watoto kudhurika.

Matokeo hayo yanathibitisha hoja yangu kuliko maneno yoyote niwezayo kuandika. Mhudumu ni yuleyule, zahanati ni ileile, mshahara ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba amepewa nafasi na nyenzo ya kuuliza. Na tunajua mwisho wa njia ya kutouliza, kwa maana tumekwisha kuipita: vimelea huwa sugu, na dawa hufa mikononi mwetu. Tuliipoteza klorokwini kwa namna hiyo. Tukizipoteza antibiotiki hatuna mseto wa kuziba pengo.

Kuna jambo la pili, na hili nawaelekezea watumishi wa umma wanaosoma makala haya. Sehemu kubwa ya vipimo vya mRDT, dawa mseto na vyandarua nchini imenunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria. Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, tulikumbushwa ghafla kwamba hata swali tulilochelewa kuliuliza tunaliuliza kwa kifaa cha kukopa. Pare–Taveta ilitufundisha nini kinatokea mradi wa mtu mwingine unapokoma. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Halmashauri inayopitisha posho za vikao huku zahanati zake zikikosa vipimo vya siku 15 inafanya uamuzi wa kisiasa, na tuuite kwa jina hilo.

Kwa mzazi, historia hii ina fundisho dogo la vitendo, ambalo wataalamu wa afya wamelirudia mara nyingi. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa afikishwe kituoni mapema, ndani ya saa 24, na usikubali kuondoka na dawa ya malaria bila kipimo. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida au aliyelegea asiamke vizuri, huyo hasubiri kukuche. Dawa ya kushusha homa ni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, wala si aspirini. Aendelee kunyonyeshwa na kupewa vinywaji. Na mbele ya mhudumu, uliza: "Mtoto ana nini, na umejuaje?"

Swali hilo si utovu wa adabu. Bibi zetu waliliuliza kwa majina yao, mkunguru, papasi, kidingapopo, kabla hatujawa na hadubini hata moja. Walikosea mara nyingi katika jibu. Sisi tumekuwa na hadubini kwa zaidi ya karne moja, na asubuhi ile kwenye foleni, binti yangu akiwa begani kwangu, niliambiwa ana homa.